Zai Anataka Mashine ya Kukatia (gumzo la kikundi cha ukoo)

JUMAMOSI

Zai: Shikamooni wakubwa, mambo wadogo. Naulizia ile mashine ya kukatakata vyakula, prosesa. Nani anayo na anaitumia kweli? Sitaki ya kuja kukaa kabatini.

Kaka Hamidi: Si una blenda?

Zai: Ninayo. Jana nimeweka vitunguu vitano nikasema kazi imeisha. Nimetoa uji.

Kaka Hamidi: 😂😂😂

Zai: Cheka tu. Uji wenye povu. Nimeuweka kwenye mafuta umekataa kabisa kuwa kahawia, unachemka tu kama chai.

Mjomba Saidi: Marahaba Zai. Blenda umeionea, umeituma kazi si yake. Jagi lake refu na jembamba, kisu kidogo kiko chini kabisa. Kitu kikikaa juu hakikatwi mpaka kizunguke kishuke, na hakizunguki bila maji. Ndiyo maana kila mara unajikuta unaongeza maji "kidogo tu". Prosesa bakuli lake ni pana na kisu ni kirefu, kinafagia karibu chini yote. Kikavu kinakatwa kikiwa kikavu.

Shangazi Mwana: 🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Zai: Shangazi shikamoo. Niko kwenye foleni, siwezi kusikiliza. Niandikie tafadhali 🙏

Shangazi Mwana: Marahaba. Macho yangu na hizi herufi ndogo, haya. Nimesema hivi: kabla hujauliza mashine ipi, niambie unapikia wangapi na kazi gani inakuchosha. Usiniambie zote.

Zai: Tuko wanne, mwisho wa wiki wageni. Kinachonichosha ni vitunguu, kukwangua karoti, na kabichi. Na kukanda unga wa mkate.

Mama: Mkono hauna plagi.

Zai: Mama shikamoo 🙈

Mama: Marahaba. Mimi vitunguu vyangu vitatu nimevimaliza nikiwa nasoma haya maandishi yenu. Endeleeni.

Shangazi Mwana: Dada mwache mtoto. Zai, kwa watu wanne bakuli la lita 2 hadi 3 linatosha. Vile vidogo vya nusu lita ni vya kitunguu saumu na kitunguu kimoja, havina diski, ile sahani ya chuma ya kukwangua na kukata slaisi, na unga havikandi. Ukienda kwenye lita 4 na zaidi, siku unataka kukata kitunguu kimoja kinarushwa chote ukutani, kisu kinabaki kinakata hewa. Utakaa unakomba bakuli kwa mwiko.

Mjomba Saidi: Na hizo lita za kwenye boksi usizichukue kama zilivyo. Mara nyingi ni bakuli likijaa hadi ukingoni. Ndani ya bakuli tafuta mstari wa mwisho wa maji, utaukuta chini zaidi. Katikati pale pana bomba ambalo mhimili, ile fimbo inayozungusha kisu, unapita. Supu ikipanda juu ya bomba inashuka ndani yake, inatokea chini, meza yote inalowa. Ikibahatika inaingia kwenye mota.

Asha: Mjomba "ikibahatika" 😭

Kaka Hamidi: Mimi naangalia wati tu. 1200 hiyo ndiyo mashine.

Mjomba Saidi: Wati ni umeme inaokula, Hamidi. Wewe unakula sahani mbili, je, unabeba magunia mawili?

Asha: 💀💀

Zai: Kaka pole

Mjomba Saidi: Nimeshafungua nyingi hizi. Ya wati 600 yenye mota nzito iliyokaa moja kwa moja chini ya kisu inakanda unga bila kulalamika. Ya wati 1000 yenye mota nyepesi na mkanda wa mpira inaanza kunuka dakika ya pili. Dukani iinue. Nyepesi kama chupa tupu itatembea mezani ikikutana na unga.

Mjomba Saidi: Tena uliza kama bakuli na kisu vinauzwa peke yake. Mota huishi miaka. Kinachovunjika ni plastiki, hasa kile kijino cha kifuniko.

Zai: Kijino gani?

Mjomba Saidi: Utakijua siku ya kwanza.

Asha: Zai usinunue kama yangu. Boksi limeandikwa vifaa 14. Natumia kisu na diski moja. Vingine 12 viko kwenye mfuko, mfuko uko chini ya kitanda, na kuna kimoja mpaka leo hatujui ni cha nini. Mume wangu anadhani ni cha feni.

Shangazi Mwana: Kwa ulivyosema Zai unahitaji vitu viwili. Kisu chenye umbo la S, hicho ndicho cha vitunguu, nyama, karanga, hata unga. Na diski yenye pande mbili, upande mmoja unakwangua karoti, wa pili unakata slaisi za kabichi. Basi. Angalia pia mdomo wa kuingizia. Mpana unapitisha kiazi kizima. Mwembamba utakufanya ukate karoti vipande kwa kisu ili mashine ije ikukatie karoti.

Mama: Na kuosha anaosha nani?

Shangazi Mwana: Hapo dada umesema.

Shangazi Mwana: Zai sikiliza hili kuliko la wati. Nina mashine yangu mwaka wa tisa. Ya kwanza niliigawa baada ya miezi mitano, ilikuwa nzuri, ina nguvu, lakini kifuniko chake kilikuwa na matundu na mikunjo ya ndani, kitunguu kinaingia humo hakitoki. Nilikuwa nakitoa kwa kijiti cha meno. Siku nikifikiria kijiti nachukua kisu cha kawaida. Hivyo ukifika dukani omba waifungue, pitisha kidole ndani ya kifuniko. Kidole kikikwama sehemu, na uchafu utakwama.

Zai: Hili sikuliwaza kabisa.

Shangazi Mwana: Halafu pangilia kazi. Kikavu kwanza, kibichi baadaye, chenye harufu mwisho. Mimi naanza na karanga, napangusa. Karoti, kisha kabichi. Vitunguu na saumu mwisho. Bakuli naliosha mara moja tu. Ukianza na saumu, karoti zako zote zitakuwa saumu.

Asha: Na kama ni kitunguu kimoja tu?

Shangazi Mwana: Kisu na ubao. Kwa kitunguu kimoja Mama Zai ananishinda hata nikiwa na mashine kumi.

Mama: 😌

Kaka Hamidi: Hivi aliyeitengeneza alikuwa mvivu wa kupika eh?

Mjomba Saidi: Alikuwa muuzaji. Mfaransa, Pierre Verdun. Alikuwa akiwauzia wapishi wa mahoteli vitu vya jikoni, akaona jinsi saa zao zinavyoishia kwenye kukatakata. Miaka ya 1960 ikatoka Robot-Coupe, dude la jikoni kubwa. Ya nyumbani, Magimix, ikaja 1971. Kisha mhandisi Mmarekani, Carl Sontheimer, akaiona Paris, akaipeleka kwao kwa jina la Cuisinart, akaionyesha Chicago mwaka 1973.

Kaka Hamidi: Mjomba hivi vitu unavitoa wapi

Mjomba Saidi: Napenda kujua ninachokifungua. Na hao hao Cuisinart, Desemba 2016 walitoa tangazo Marekani kuhusu mashine zipatazo milioni 8. Visu vyake vilikuwa vimeunganishwa kwa ribiti, ile misumari mifupi ya kubana chuma, vikawa vinapata ufa, vipande vya chuma vinaingia kwenye chakula. Wakabadilisha visu bure. Kwa hiyo kisu chako ukikiosha kiangalie. Ukiona mstari mwembamba pale chuma kinapokutana na plastiki, acha kukitumia siku hiyo hiyo.

Zai: Sasa mnanitisha.

Mama: Mkono hauna ribiti.

Shangazi Mwana: La kukutisha kweli ni hili: usikiache kisu ndani ya beseni la povu. Niliingiza mkono kutafuta kijiko nikakipata kisu. Nyuzi tatu. Kioshe kwanza, kwa kukishika kwenye plastiki ya katikati, kipanguse, kiweke mbali na watoto.

Asha: Na msisukume chakula kwa mwiko 🙋🏽‍♀️

Zai: Asha ulifanya nini

Asha: Kisukumio kilipotea nikatumia mwiko wa mbao. Tulikula karoti zenye mti.

JUMAMOSI ILIYOFUATA

Zai: Nimenunua! Lita 2.4, wati 700, kisu na diski mbili. Kidole kimepita kwenye kifuniko chote, Shangazi.

Shangazi Mwana: Hongera mwanangu 👏🏽

Zai: Lakini haiwaki. Plagi iko sawa, taa inawaka, nabonyeza kimya. Nimeuziwa bovu.

Mjomba Saidi: Bakuli umelizungusha mpaka likalia "ka"?

Zai: Nimelizungusha.

Mjomba Saidi: Likalia?

Zai: ...

Zai: Limelia sasa. Bado haiwaki.

Mjomba Saidi: Na kifuniko?

Zai: IMEWAKA

Mjomba Saidi: Ndicho kile kijino. Kikiingia mahali pake kinabonyeza swichi iliyofichwa. Bila hicho mota haipati umeme, hata mtoto akicheza na kitufe. Kwa hiyo usilazimishe kifuniko kwa nguvu, kikivunjika kijino mashine nzima imekufa.

Zai: Naweka vitunguu. Niombeeni.

Shangazi Mwana: SUBIRI. Vikate robo robo, vilingane. Usijaze, nusu ya bakuli. Na usiiwashe ikaenda. Bonyeza, achia. Bonyeza, achia. Kila ukiachia vipande vya juu vinaanguka kwenye kisu. Mara tano au sita, fungua uangalie.

Zai: Nikiiacha iende?

Shangazi Mwana: Vya chini vinapondwa, maji yote yanatoka, vya juu bado robo. Unarudi kwenye uji wako wa juzi.

Zai: 📷 Picha

Zai: Tazameni! Mara sita. Vipande vidogo, vikavu, hata machozi hayakunitoka mpaka nilipofungua kifuniko.

Asha: Hapo kwenye kufungua geuza uso 😅

Kaka Hamidi: Vile viwili pembeni mbona vikubwa?

Zai: Vya kwako hivyo.

Zai: Jioni nataka kukanda unga. Kisu hiki hiki?

Shangazi Mwana: Hiki hiki, labda kama wamekupa cha plastiki cha unga. Kwenye bakuli lako usizidishe nusu kilo ya unga. Maji yawe baridi, maana kisu kinazunguka haraka kinaupasha unga moto, na unga ukipata joto hamira inakimbia kabla ya wakati. Mimina maji kidogo kidogo kupitia mdomoni ikiwa inazunguka. Ukiona unga umejikusanya donge linapanda juu ya kisu linazungushwa nacho, hesabu sekunde 45, dakika moja kwa wingi, zima.

Zai: Dakika moja tu? Mama anakanda dakika 15.

Mama: Ishirini.

Mjomba Saidi: Ikianza kuguna sauti nzito, zima usisubiri. Ikizima yenyewe usiihangaikie, nyingi zina kinga ya joto. Chomoa, iache nusu saa ipoe.

Asha: Na viazi vya kuponda mnaweza kuweka humo? Nina wageni.

Shangazi Mwana: Hapana!!

Asha: Mbona kwa ukali 😳

Shangazi Mwana: Kisu kinapasua viazi mpaka wanga wote unatoka. Unapata gundi. Siongezi neno. Ponda kwa mkono. Kwa kukata viazi vibichi slaisi, hapo sawa, diski.

Kaka Hamidi: Nyama?

Mjomba Saidi: Ikate vipande, iweke kwenye friza dakika 20 au 30 ikakamae bila kuwa jiwe. Ikiwa laini inajizungusha kwenye kisu, hasa mishipa. Kisha bonyeza-achia. Ikiwa imeganda kabisa usijaribu, utavunja kitu.

Zai: Nimepitisha karoti kwa diski. Sekunde kumi, kilo nzima imekwisha! Ila bakuli limekuwa la rangi ya machungwa, sabuni haitoi.

Shangazi Mwana: Sugua na mafuta ya kula kwenye kitambaa, acha dakika chache, ndipo uoshe kwa sabuni. Rangi ya karoti inakaa kwenye mafuta, maji haiyataki.

Zai: Imetoka 😮

Shangazi Mwana: Miaka tisa mama.

Zai: Nimeosha, nimeikausha, nimeiacha mezani. Kabatini haiingii hii.

Mama: Zai.

Zai: Abee Mama.

Mama: Hiyo karanga inasaga ikawa laini kabisa, ya kupaka mkate?

Shangazi Mwana: 👀

Zai: Inasaga. Dakika nane au kumi, unaipumzisha katikati na kukomba pembeni. Kwanza inakuwa unga, kisha donge, halafu mafuta yanatoka yenyewe.

Mama: Kesho uje nayo.

Kaka Hamidi: MAMA 😂😂😂

Mama: Na hicho kisukumio usikisahau. Mwiko wangu siutoi.