Mama ananusurika kila usiku: naomba ushauri

Shikamooni wakubwa zangu, wengine habari zenu. Mama yangu alikuwa ndani ya kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, tarehe 20 Septemba 2018. Zaidi ya watu 200 walikufa, mdogo wake akiwemo. Hadi leo akisikia injini ya mtumbwi anakunja pindo la kanga, vidole vinamtetemeka. Usiku anamwita marehemu. Watu humwambia "mshukuru Mungu, sahau". Atasahau vipi?

Nimempata mshauri wa saikolojia Mwanza mjini, ila kumfikia lazima avuke maji. Nawaza pia kuwakutanisha akina mama wenzake waliofiwa hapa kisiwani, wakae waongee. Aliyewahi kuanzisha kikundi kama hicho, mlianzaje bila kutonesha vidonda?