Mjadala: Waganga wote wapigwe marufuku, au wapiga ramli tu?

Mwanzisha mada: Januari 2015 serikali ya Tanzania ilitangaza kuwapiga marufuku waganga kwa sababu ya mauaji ya wenzetu wenye ualbino. Hapohapo tuna sheria ya tiba asili ya 2002 na baraza linalowasajili. Mtu wa mitishamba, mganga wa kitabu, mganga wa majini na mpiga ramli kila mmoja ana njia yake. Kwa nini wafungwe kamba moja? Mimi nasema ramli ife, wengine waachwe.

Ngosha: Hakuna cha kuwatenganisha. Kwetu Shinyanga bibi anapikia kinyesi cha ng'ombe, moshi unamfanya macho mekundu, watu wanasema ni mchawi. Mtoto wa jirani akifa, watu wanakimbilia kwa mganga, na jibu linamwangukia bibi yule. Usiku anakatwa mapanga. Kesho mganga huyohuyo yuko porini anachimba mizizi, na leseni anayo. Ila nyie wa Tanga mnaolala na majini chumba kimoja hamuwezi kuelewa.

Mtoto wa Pangani: Tanga imeingiaje hapa? Marehemu babu yangu alikuwa mganga wa kitabu. Anaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, anaiosha kwa marashi, mgonjwa anakunywa kombe lake anaondoka. Hajawahi kumtajia mtu adui. Nionyeshe bibi mmoja aliyeuawa kwa kombe.

Abu Salha: Kombe sawa. Lakini akikuuliza jina la mama yako, akahesabu herufi akupatie nyota, hiyo ni ramli iliyovaa kilemba.

Mtoto wa Pangani: Marehemu hasemwi hivyo, Ustadhi. Nimesema aliandika kombe. Nyota umeileta wewe.

Somo wa Ng'ambo, Unguja: Na majini msiyasemee msiyoyajua. Huku jini hafukuzwi, anapatanishwa. Anaulizwa anataka nini: udi, chano, nguo ya rangi fulani. Mwenye jini anaitwa kiti, na wengi ni wanawake ambao nyumbani hakuna anayewasikiliza. Ngomani wanasikilizwa.

Ngosha: Nimeuliza habari ya bibi zetu wanaouawa, mnanijibu udi na marashi!

Kaka wa Magu: Ngosha, anza na kwetu. Bagika na Bagalu, makundi ya ngoma ya sisi Wasukuma, wanashindana ngoma na dawa tangu enzi za mababu. Wapigwe marufuku nao?

Ngosha: Bagika na Bagalu usiwaguse. Wale ni wacheza ngoma, dawa zao za kuvuta watu uwanjani. Bayeye wanacheza na chatu na wana dawa ya kuumwa na nyoka. Hawaui mtu.

Mwanzisha mada: Basi umeshawatenganisha mwenyewe.

Ngosha: Sijatenganisha. Nimesema hao si waganga wa ramli.

Dada wa Arusha: Na Babu wa Loliondo mnamweka fungu gani? 2011, kikombe cha dawa yake shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita hadi Samunge, vigogo wamo. Hakupiga ramli, hakupandisha jini. Alisema ameoteshwa na Mungu.

Abu Salha: Yule alikuwa mchungaji, si mganga.

Mtoto wa Pangani: Ehee! Mchungaji akichemsha mizizi ni mtumishi wa Mungu, babu yangu akiandika aya za Mungu huyohuyo ni mshirikina? Nijibu hilo kwanza, Ustadhi, ndiyo turudi kwenye sheria.