Tumelipishwa mchango wa TEHAMA, kumbe TEHAMA yenyewe ni katuni

Assalaam alaykum. Nimejizuia tangu Jumatatu lakini leo naona nitapasuka.

Mwanangu ana miaka 4, yuko maandalizi, skuli ya kulipia hapa hapa mjini Unguja. Jina siliweki. Muhula huu wazee tuliitwa kikaoni tukaambiwa kuna mchango wa TEHAMA, 15,000 kila mtoto, eti dunia inakwenda mbio. Tukatoa. Tena mimi nilikuwa wa mwanzo, mjinga mimi, nikidhani watanunua kompyuta mbili tatu.

Jumatatu mtoto kasahau kibakuli chake cha chakula, nikageuza njia nikampelekea. Saa tatu na nusu asubuhi. Nakuta watoto kiasi cha thelathini wamekaa mkekani, mapazia yameshushwa ili kioo kionekane vizuri, na joto lote lile, televisheni ukutani inapiga katuni za Kiingereza. Kiswahili chenyewe hawajakimaliza! Hakuna anayeimba, hakuna anayegombana na mwenziwe, hata mmoja aliyejikojolea kakaa vile vile na maji yake. Mwalimu yuko mlangoni na simu yake, anacheka peke yake. Nikasimama pale, nikamwita mwanangu mara mbili, hakugeuka.

Nikenda kwa mwalimu mkuu. Jibu lake: "Mama, mbona hata nyumbani mnawapa simu?"

Hapo alinikamata, sisemi uongo. Mwaka jana bibi yake alikuwa akimlisha wali kwa samaki changu, simu mbele ya uso ili afumbue mdomo. Mtoto anameza tu, hajui anameza nini. Mwiba ukamkwama kooni, tukatoka nae mbio usiku kwenda hospitali, bibi wa watu kanga kaifunga upande. Toka siku ile simu haisogei kwenye chakula. Bibi kaninunia wiki mbili, yakesha. Sasa nyumbani nipigane vita na mama mkwe, halafu skuli niwalipe wamrudishe kule kule?

Shirika la Afya Duniani lilishatoa mwongozo 2019: mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya kioo, na ikipungua ndiyo bora. Hawa wa kwetu saa yao wameimaliza kabla ya mapumziko ya chai.

Na msinijie na "huyu hataki maendeleo". Mdogo wangu kasomea shamba, kwa redio, wakati wa Tucheze Tujifunze, kile kipindi cha redio cha kusomesha watoto wadogo. Redio inauliza, inanyamaza, watoto wanajibu. Inawaambia rukeni, wanaruka mpaka vumbi linatimka. Redio moja tu, na mwalimu jasho linamtoka kuliko wao. Alikuwa akirudi nyumbani anatuimbia mpaka tunamwambia basi. Huyu wangu nikimuuliza leo mmesoma nini, ananiangalia tu.

Anayejua mtu anaanzia wapi, kamati ya skuli au wizarani moja kwa moja, aniambie. Kwenye grupu la wazee nimeandika, wamesoma wote, kimya. Mmoja kanifuata pembeni: "Dada, usiwaudhi walimu, watamchukia mtoto."

Mimi nataka 15,000 yangu. Risiti ninayo, na muhuri wao umo.