Sleji ya mbwa na watoto watatu: Rovaniemi, Tromsø au Kiruna?

Mama Watatu (Leicester)

Assalaam alaykum, na habari zenu nyote. Mwaka huu tumeazimia kuwapeleka watoto kwenye theluji ya kweli, si hii yetu ya Leicester inayoyeyuka kabla ya adhuhuri. Wanangu wana miaka 11, 7 na 3. Mkubwa ameng'ang'ania jambo moja tu, kupanda sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, inayokokotwa na mbwa. Nimebakiwa na sehemu tatu: Rovaniemi (Finland), Tromsø (Norway) na Kiruna (Sweden). Tunaweza kwenda Desemba skuli zikifungwa, au ile wiki ya mapumziko ya Februari.

Kuna jambo jengine, na nalisema wazi. Sisi ni Waislamu wa Unguja wa madhehebu ya Shafi, na mume wangu ana wasiwasi na mate ya mbwa, maana kwetu ni najisi. Tena huyu wa kati anaogopa mbwa tangu afukuzwe na mbwa wa jirani tulipokwenda kwa bibi yake Bububu. Waliokwishakwenda na watoto, naomba mnilinganishie.

Baba Neema (Tampere)

Karibu dada. Nimekaa Finland miaka kumi na mbili, na Rovaniemi nimewapeleka wanangu mara tatu, kwa hiyo nasema ya huko, mengine nawaachia wenzangu.

Kwa mwenye mtoto wa miaka 3, uzuri wa Rovaniemi ni kwamba kila kitu kiko karibu. Kijiji cha Baba Krismasi kiko kilomita kama 8 kutoka mjini, palepale kwenye mstari wa Aktiki, na mbwa wapo hapohapo. Baridi yake ni kavu. Nyuzi 10 chini ya sifuri ni kawaida, siku nyingine inashuka mpaka 25, na theluji haikosekani. Kutoka Uingereza kuna ndege za moja kwa moja majira ya baridi.

Lakini usilinganishe nchi kabla hujalinganisha urefu wa safari. Mara ya kwanza tulikata tiketi ya mzunguko mfupi kabisa, mita 500. Ilikuwa Desemba, watu wamefurika, tukasimama foleni karibu saa nzima. Mzunguko wenyewe uliisha kabla binti yangu hajapata jibu la mbwa wa mbele anaitwa nani. Alilia garini njia nzima. Mara ya pili tukaenda shamba la mbwa nje ya mji, tukazunguka kilomita 8 hivi msituni, na mpaka leo anaisimulia hiyo.

Mita 500 ni za kupiga picha. Kwa watoto wako tafuta kilomita 5 hadi 10, yaani nusu saa mpaka dakika arobaini na tano. Ikizidi hapo yule mdogo ataganda. Anayeendesha anasukuma, anainama kwenye kona, mwili unapata moto. Aliyekaa hapati chochote.

Bi Mvita (Tromsø)

Wa alaykum salaam mwanangu. Mimi ni wa Mombasa, nimezeekea huku.

Desemba usije Tromsø na watoto. Jua linatupotea mwisho wa Novemba, na halichomozi tena mpaka katikati ya Januari. Adhuhuri kunakuwa na mwanga wa samawati kwa saa chache, mzuri sana kwa mtu mzima aliyetulia, lakini mtoto wa miaka 3 atataka kulala kutwa. Na kwa sisi tunaoswali, jua lisipochomoza hata nyakati za swala ni za kuulizia. Ukija Februari jua limerudi, kunapambazuka na kunakuchwa kama kwenu, na kiza cha usiku kipo bado kwa wanaotaka kuona taa za kaskazini, ile mianga ya rangi angani.

Kuhusu baridi, sisi tuna mkondo wa bahari wenye joto, kwa hiyo Januari wastani wetu ni nyuzi 4 tu chini ya sifuri. Utaona ni nafuu kuliko Finland. Subiri kwanza. Wakati mwingine mvua hunyesha juu ya theluji, njia inakuwa barafu tupu, na upepo wa baharini unapenya kila tundu. Mashamba mengi ya mbwa yako kisiwa cha jirani, Kvaløya, karibu nusu saa kwa basi. Mandhari yake hayana mfano, milima inaingia baharini. Ila ni mahali pa wazi.

Sasa la najisi. Mimi si mwanachuoni, muulizeni sheikh wenu. Nitakueleza nilivyofanya nilipowapeleka wajukuu. Shamba linakupa ovaroli na buti zao, unavivaa juu ya nguo zako na kuvivua hapohapo ukimaliza. Mbwa wako mbele ya sleji, wewe umekaa nyuma umefunikwa blanketi, hulazimiki kumgusa hata mmoja. Niliwaambia mapema kuwa sisi tunatazama tu, hatushiki, wakatuelewa bila maneno mengi. Shida huwa kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, maana mbwa hawa wanapenda watu na watoto wanavutika. Mshike mkono huyo mdogo. Usimwachie.

Kamau (Minneapolis)

Sisi huku Amerika huenda Ely, kaskazini mwa Minnesota, kwa hivyo kuhusu sehemu hizo tatu siwezi kukusaidia. Lakini kijana wangu alikuwa anaogopa mbwa kama huyo wako, na nilikosea kwa kutomwambia kuhusu kelele. Tuliposhuka kwa gari mbwa thelathini walikuwa wanabweka na kuruka juu, wengine wanalia kama watu. Akarudi ndani ya gari akafunga mlango. Yule mama wa shamba alikuja akachuchumaa karibu na dirisha, akamwambia hawana hasira, wanaomba kuchaguliwa. Akamwambia pia, tukishaanza tu utasikia kitu. Na ni kweli. Nanga inayoishikilia sleji ilipong'olewa, kelele zote zilikatika mara moja. Ukabaki mkwaruzo wa mbao kwenye theluji na pumzi za mbwa, basi. Kijana alinigeukia kope zake zimeota barafu nyeupe, anacheka.

Mweleze mapema, dada. Hata umtafutie video yenye sauti.

Mama Watatu (Leicester)

Ahsanteni sana, Bi Mvita umenitua mzigo. Nina maswali mawili. Ni bora tuendeshe wenyewe au tuendeshwe? Na Kiruna je, mbona hakuna aliyeisema?

Mtu wa Pits (Luleå)

Kiruna naijua, nilifanya kazi msimu mmoja kwenye shamba la mbwa karibu na Jukkasjärvi, pale penye hoteli ya barafu inayojengwa upya kila mwaka kwa barafu ya mto Torne. Kwa mbwa, nchi ile ni bora kuliko zote tatu: njia ndefu, watu wachache, theluji kavu mpaka Aprili. Kutoka Stockholm kuna treni ya usiku kucha, watoto wanalala vitandani. Lakini toka Leicester utabadilisha ndege, na ukishafika shughuli za mtoto wa miaka 3 ni chache. Ningewangoja wakue.

Kuhusu kuendesha, na hapa nasema kwa mkazo: mwenye watoto watatu, mmoja wa miaka 3, aendeshwe. Sheria ya kwanza tuliyowafundisha wageni ni kutoachia mpini hata ukianguka, kwa sababu ukiachia, mbwa hawasimami. Wanaona sleji imekuwa nyepesi, wanazidi mbio, na mtoto wako yumo ndani. Nimewahi kuifukuza sleji ya namna hiyo kwa pikipiki ya theluji. Waliokuwamo hawakuumia, lakini uso wa yule baba sijausahau. Omba sleji kubwa ya mwendeshaji wa shamba, wewe ukae na wadogo wawili. Mumeo na mkubwa wachukue ya pili, baba asimame nyuma na kijana akae. Mashamba mengi hayamruhusu wa miaka 11 kuendesha peke yake, na wana haki.

Msishtuke mkiona mbwa wembamba. Haski wa Alaska ni wa mbio, kilo 20 au 25 tu, na wageni hudhani wananyimwa chakula. Tazama mambo mengine: macho maangavu, nyayo zisizo na vidonda, na mwendeshaji anayemwita kila mmoja kwa jina lake. Wakikimbia utawaona wanachota theluji kwa mdomo bila kusimama, ndivyo wanavyojipoza. Nyuzi 15 chini ya sifuri kwao ni raha.

Bi Mvita (Tromsø)

Na kama mumeo hatoridhika, wapo reindia, wale wanyama jamii ya kulungu wenye mapembe. Hao wanakokota sleji polepole, mwendo wa mtu kutembea, na najisi hiyo ya mate hawana. Rovaniemi wapo, na huku kwetu wapo. Mdogo na wa kati wapande hao, mkubwa aende kwa mbwa na baba yake. Si lazima wote wapande kimoja.

Mama Watatu (Leicester)

Hilo sikulifikiria kabisa! Tumekaa jana usiku tukakubaliana: Rovaniemi, Februari, shamba la nje ya mji, kilomita 5 hadi 10, tuendeshwe. Wa kati ametazama video mara nne na sasa anasema atapanda mbwa, si reindia. Tutaona akifika.

Baba Neema (Tampere)

Safi. Mawili ya mwisho. Baada ya safari mashamba mengi huwakaribisha kwenye moto na maji ya matunda ya moto, na mara nyingi huchoma soseji. Nyingi ni za nguruwe, kwa hiyo waandikie mapema au uchukue zenu. Na kila mtoto awe na pea mbili za glavu za mfuko, zile ambazo vidole vinne vinakaa pamoja, zenye sufu ndani na za kuzuia maji juu. Pea ya akiba iweke kifuani mwako, ndani ya jaketi, si kwenye begi, ili ukimvisha ziwe zina joto lako.