Kazi moja, ngazi mbili za mshahara: je, makarani wa mahakama za chini wana dai la haki?

KaraniMasjala aliuliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu katika jambo ambalo limetutenganisha makarani wa mahakama kwa muda mrefu. Mimi ni karani wa masjala katika mahakama ya chini. Muundo wa utumishi wa zamani ulituweka makarani sote katika ngazi moja ya mshahara, bila kujali mahakama tuliyopangiwa. Muundo huo ulipofanyiwa marekebisho, wenzetu wa mahakama ya juu walipandishwa ngazi na sisi tukaachwa tulipokuwa, ilhali sifa za kuajiriwa ni zile zile, barua za ajira zinasema maneno yale yale, na karani huweza kuhamishwa kutoka mahakama moja kwenda nyingine bila usaili wala mafunzo ya ziada. Kituoni kwetu yupo mwenzetu aliyehamishiwa kutoka huko, akaja na mshahara wake wa juu. Tunapokea hati kwenye dirisha moja, tunakagua stakabadhi za ada, tunatoa namba za mashauri kutoka rejesta moja, tunafungua majalada na kuandaa hati za wito. Akiwa likizo ninashika nafasi yake, na nikiwa likizo mimi yeye hushika yangu.

Tulipowaandikia viongozi, tulijibiwa kwamba mahakama ya juu husikiliza mashauri mazito zaidi, na kwa hiyo karani wake hubeba wajibu mkubwa zaidi. Barua haikutaja hata wajibu mmoja. Jambo hili linaniumiza kwa sababu ninaipenda kazi yangu, na ninajua kwamba jalada likipotea katika mahakama ya chini kuna mtu atakayeendelea kukaa mahabusu akisubiri litafutwe. Naomba kujua: je, kufanana kwa cheo na sifa kunatosha kuwa msingi wa dai? Na tukidai, tulipeleke kwa nani, ikizingatiwa kwamba mwajiri wetu ndiye huyo huyo anayeamua migogoro ya watu?

WakiliWaKazi alijibu:

Ndugu Karani, kufanana kwa cheo na sifa ni mwanzo mzuri wa dai, lakini hakutoshi, na ni afadhali mlijue hilo kabla hamjachanga fedha za kumlipa wakili.

Kanuni ya malipo sawa kwa kazi sawa imo katika ibara ya 23 ya Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948. Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani, wa 1951, ulikwenda mbali zaidi ukazungumzia kazi yenye thamani sawa, yaani kazi mbili zinaweza kuwa tofauti kwa sura na bado zikastahili ujira mmoja. Hata hivyo, mkataba huo unahusu usawa wa ujira kati ya wanaume na wanawake. Karani aliyezidiwa na karani mwenzake kwa sababu ya kituo cha kazi, si kwa sababu ya jinsia, hawezi kuutegemea peke yake. Atahitaji kifungu cha katiba ya nchi yake kuhusu usawa mbele ya sheria, pamoja na sheria inayosimamia utumishi wake.

India ni miongoni mwa nchi ambazo mahakama zake zimelichambua suala hili kwa kina. Katika shauri la Randhir Singh la 1982, dereva wa polisi wa Delhi alilalamika kwamba analipwa chini ya madereva wa idara nyingine za serikali, na Mahakama ya Juu ya India ikakubali kwamba malipo sawa kwa kazi sawa ni lengo la katiba linaloweza kudaiwa mahakamani. Wengi husoma hukumu hiyo wakaishia hapo. Waendelee hadi shauri la J.P. Chaurasia, lililoamuliwa 1988, ambalo ni la watu wa kazi yenu hasa: makarani wanaokaa na majaji katika chumba cha mahakama, wa Mahakama Kuu ya Allahabad, walidai ngazi ya mshahara ya maofisa wa sehemu, yaani wasimamizi wa vitengo vya ofisi. Mahakama ya Juu ilisema kwamba jibu halipatikani kwa kutazama aina ya kazi au wingi wake tu. Ni lazima majukumu ya kila cheo yapimwe, kwa sababu kazi mbili zaweza kufanana kwa nje na bado zikatofautiana katika kiwango cha utekelezaji, na kipimo hicho ni bora kiachiwe vyombo vyenye utaalamu, kama tume za mishahara. Katika mwaka huo huo, wapiga hatimkato wa idara za forodha na ushuru waliambiwa jambo linalokaribiana na hilo: tofauti katika uaminifu, usiri na uzito wa wajibu inaweza kuhalalisha tofauti ya mshahara.

Kwa hiyo jibu mlilopewa halikukosea kutaja wajibu. Lilikosea kuutaja bila kuuonyesha, na hapo ndipo penye nafasi yenu.

AfisaUtumishiMstaafu alijibu:

Nimefanya kazi ya miundo ya utumishi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na naomba kuongeza jambo ambalo wakili hakuligusa. Ndugu Karani, mfano unaouona kuwa wa nguvu kuliko yote ndio dhaifu kuliko yote. Mwenzenu aliyehamishwa huenda analipwa mshahara binafsi, yaani mshahara anaobaki nao mtumishi anapopelekwa kwenye nafasi ya ngazi ya chini ili asipoteze alichokuwa akipata. Mshahara wa namna hiyo ni wa mtu, si wa cheo. Akiondoka unaondoka naye. Mkimtumia kama mtu wa kujilinganisha naye, mwajiri atatoa barua yake ya uhamisho na dai litaanguka siku ya kwanza. Jilinganisheni na karani ambaye bado yuko katika masjala ya mahakama ya juu, anayelipwa ngazi ya cheo chake.

Baada ya hapo, pimeni kazi kwa vigezo ambavyo wapimaji wa kazi huvitumia kwa kawaida: ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi. Msianze na maelezo ya kazi yaliyochapwa, kwa kuwa hayo mara nyingi huandikwa kwa maneno ya jumla yanayomfaa kila mtu. Anzeni na kinachofanyika. Katika mahakama ndogo, karani mmoja hupokea hati, hukusanya ada, hutunza vielelezo, na pengine hutafsiri shahidi anapotoa ushahidi, wakati katika masjala kubwa kila moja ya kazi hizo ina mtu wake. Chukueni kielelezo kimoja tu, tuseme panga lililokamatwa katika kesi ya kujeruhi: ni nani aliyelipokea kutoka kwa polisi, aliyefunga lebo, aliyeandika hali yake katika rejesta, anayeshika ufunguo wa stoo, na atakayeitwa kujieleza lisipoonekana siku ya kusikilizwa? Ikiwa katika mahakama yenu majibu yote ni jina moja, na katika mahakama ya juu ni majina ya watu watatu au wanne, basi mmeshaonyesha wajibu ambao barua ya viongozi haikuuona. Fanyeni hivyo kwa kila kazi, mwezi baada ya mwezi, kisha msimamizi wenu wa kazi atie saini.

Onyo moja la dhati: msinakili majalada wala kurasa za rejesta ili kujenga ushahidi wenu. Kumbukumbu hizo ni za mahakama na za wadaawa, yaani pande za shauri. Andikeni ombi kwa msajili, muelezeni mnachotaka na sababu yake. Karani anayefunguliwa shauri la nidhamu kwa kutoa nyaraka hana tena nguvu ya kudai mshahara.

KaraniWaJuu alijibu:

Mimi ni karani katika mahakama ya juu na ninawaunga mkono wenzangu, ila naomba kazi yetu isidharauliwe ili yao ionekane. Kuandaa rekodi ya rufaa ni kukusanya mwenendo mzima wa shauri kutoka chini, kuhakiki kila ukurasa wa ushahidi, kuweka namba na faharasa, na kuthibitisha kwamba nakala za pande zote zinalingana. Ukurasa mmoja ukikosekana, rufaa inaweza kukwama. Tunashika pia rasimu za hukumu kabla hazijasomwa, na neno moja likivuja imani ya watu kwa mahakama inaharibika. Tofauti hizo zipo. Swali la haki, kwa maoni yangu, ni kama zinafikia ngazi nzima ya mshahara, au zingefidiwa kwa posho ya majukumu kwa wale tu wanaozifanya. Wapo makarani wengi kwetu ambao hawajawahi kugusa rekodi ya rufaa na wamepandishwa ngazi kwa sababu ya jengo walilomo.

Hofu ya wenzangu wengi ni kwamba usawa utapatikana kwa kutushusha sisi. Mkiandika dai lenu, semeni waziwazi kwamba mnaomba kupandishwa, na wengi wetu tutatia saini pamoja nanyi.

KaraniMasjala aliandika tena:

Nawashukuru sana. Mwenzangu amekubali nisome barua yake ya uhamisho, na kweli inasema kwamba mshahara wake ni binafsi. Tutatafuta mtu mwingine wa kujilinganisha naye, na nimefarijika kusikia kwamba anaweza kupatikana kwa hiari. Limebaki swali langu la pili: nani ana mamlaka?

WakiliWaKazi alijibu:

Hapa mambo huwa magumu zaidi kuliko katika utumishi mwingine, kwa sababu mahakama ni mhimili unaojitegemea lakini fedha za mishahara hutoka katika hazina ya serikali. Katika nchi nyingi, chombo cha mahakama hupendekeza na serikali huidhinisha, na dai la karani hukwama katikati, kila upande ukimwelekeza kwa mwingine.

Shauri la Chama cha Ustawi wa Wafanyakazi wa Mahakama ya Juu ya India, lililoamuliwa 1989, linaonyesha hali hiyo vizuri. Wafanyakazi wa ngazi za chini wa mahakama hiyo walidai walingane na wenzao wa Mahakama Kuu ya Delhi, na dai lao lilisikilizwa na majaji wa mahakama ile ile waliyokuwa wakiitumikia. Kwa katiba ya India, Jaji Mkuu ndiye anayetunga kanuni za utumishi wa mahakama hiyo, lakini zile zinazohusu mishahara huhitaji idhini ya Rais. Mahakama ilieleza kwamba Rais kwa kawaida anapaswa kuyakubali maoni ya Jaji Mkuu, na asipokubaliana nayo pawe na mashauriano kati yao. Haikujitwalia kazi ya kupanga viwango. Nanyi, kabla ya kufungua shauri, pelekeni ombi la tathmini ya kazi kwa chombo kinachopendekeza mishahara ya watumishi wa mahakama, mkitoa nakala kwa chombo kinachoidhinisha, ili pasiwe na atakayesema hakupata taarifa. Ombeni tathmini, msiombe namba ya ngazi. Chama chenu cha wafanyakazi kikiandika kwa niaba yenu ni bora zaidi, maana ombi la chama halichukuliwi kama ukaidi wa mtu mmoja.

Mkifika mahakamani, kumbukeni kwamba mzigo wa kuthibitisha kufanana kwa kazi uko kwa anayedai. Shauri la Jagjit Singh la 2016, ambalo liliwapa watumishi wa muda haki ya kima cha chini cha ngazi ya watumishi wa kudumu wanaofanya kazi ile ile, lilisisitiza jambo hilo.

Na msicheleweshe. Katika shauri la M.R. Gupta la 1995 ilikubaliwa kwamba mshahara uliopangwa kimakosa ni kosa linalojirudia kila mwezi mtumishi anapolipwa, hivyo dai la kurekebishiwa halifi kwa kupita kwa miaka. Malimbikizo ni habari nyingine: hayo huhesabiwa kwa kipindi ambacho sheria ya ukomo wa muda inaruhusu, na kila mwezi mnaokaa kimya unaweza kuwa mwezi ambao hamtalipwa tena hata mkishinda. Barua ya ombi la tathmini iwe na tarehe, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa siku hiyo hiyo mnapoiwasilisha. Ulizeni pia kama sheria yenu inahesabu muda kuanzia siku ya barua au siku ya kufungua shauri, kwa kuwa katika nchi nyingi barua peke yake haisimamishi muda kuhesabiwa.