Karatasi imeandikwa HSIL (mabadiliko makubwa ya seli za shingo ya kizazi), mgonjwa anaambiwa "rudi baada ya miezi sita"?!

Wakuu, hili la majibu ya shingo ya kizazi limezidi. Mwanamke anakabidhiwa karatasi ya herufi tupu, ASC-US, LSIL (mabadiliko madogo), HSIL, anaambiwa "kuna mabadiliko kidogo", basi. Kidogo kiasi gani? Anaondoka akiamini ana saratani, au akiamini hana kitu, na mara nyingi yote mawili si kweli.

Papsmia, kipimo cha seli za shingo ya kizazi, inachuja tu, haiupi ugonjwa jina. Seli zimekwanguliwa juujuu, maabara wakaona zina kasoro. Kilicho chini hakuna aliyekiona.

ASC-US maana yake seli hazieleweki. Pima HPV (kirusi kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi): isipokuwepo, anarudia baada ya miaka 3, ikiwepo, aende kolposkopi (kuangalia shingo ya kizazi kwa kifaa cha kukuza). Kipimo cha HPV hakuna? Rudia papsmia baada ya mwaka. Sasa hizi antibiotiki mnazoandika kila ASC-US ikitokea ni za nini? HPV ni kirusi! Kama kuna maambukizi mengine, tibuni hayo, lakini msimwambie mtu kwamba "umesafishwa".

Kwenye HSIL ndipo hasira inanipanda. Kurudia papsmia hapo ni kosa, kwa sababu ya pili inaweza kutoka safi kisa brashi ilipita pembeni, na seli mbovu zipo palepale. Hiyo ni kolposkopi moja kwa moja: shingo inapakwa siki ya asilimia 3 hadi 5, unasubiri dakika moja hivi, panapogeuka peupe panakatwa kinyama cha kupimwa maabara. Na andikeni kama eneo lote ambako seli hubadilika limeonekana. Kama limejificha ndani ya mfereji, chukueni sampuli ya mfereji (mjamzito hapana). Bila hayo, "kolposkopi ilikuwa nzuri" ni maneno matupu.

Kinyama ndicho kinachosema CIN 1, 2 au 3, yaani daraja za mabadiliko kabla ya saratani. CIN 1 mara nyingi hupotea yenyewe, hufuatiliwa. CIN 3 hutibiwa, kwa kawaida kwa kukata kipande kwa waya wa umeme. Kingo za kipande zikiwa na ugonjwa, si lazima arudi kukatwa kesho yake, ila asiachwe apotee. Kipimo cha HPV baada ya miezi 6, na kikitoka safi bado hajamaliza: ufuatiliaji ni wa miaka isiyopungua 25. Wangapi wameambiwa hivyo?

Halafu kuna wanaokimbilia kutoa kizazi kwa karatasi ya papsmia peke yake, bila kinyama. Ikiwa ndani kulikuwa na saratani iliyojificha, upasuaji huo wa kawaida haukutosha, na kuurekebisha baadaye ni kazi ngumu kuliko kungoja jibu la patholojia.

Na hilo jibu la patholojia, mpeni nakala mwenyewe, tarehe ya kurudi ikiwa imeandikwa juu yake.