Mashine ya kuchomelea inanasa rodi na kuwasha taa ya njano kila alasiri: bodi imekufa au ni umeme?

Mchomeleaji wa Mlandizi

Wakuu habari za majukumu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Nina kibanda cha kuchomelea nyumbani, huku Mlandizi. Natengeneza grili, mageti madogo, na vitanda vya chuma watu wakiagiza. Mashine ni inveta ndogo, zile nyepesi zenye bodi ya elektroniki ndani, imeandikwa ampia 200. Rodi natumia aina ya 6013 za unene wa milimita 2.5, na chuma chenyewe mara nyingi ni skwea paipu ya unene wa milimita 1.5 na flati baa.

Tatizo lilivyo: asubuhi inachoma vizuri, ikifika alasiri inaanza kusumbua. Rodi ikigusa chuma inanasa hapo hapo, ukiivuta inang'oka na dawa yake yote inapukutika. Ikikubali kuwaka, moto ni wa kusinzia, chuma kinajikusanya juu ya paipu bila kuzama. Nikipandisha kutoka ampia 80 hadi 110 ndiyo balaa: taa ya njano inawaka, inakata, nasubiri, inarudi, inakata tena.

Nimeipeleka kwa fundi wa vifaa vya umeme, kaniambia bodi imechoka, anataka shilingi 180,000. Umeme nimeupima mwenyewe kwa multimita pale kibandani, volti 225, kwa hiyo naona umeme uko sawa. Nauvuta kutoka nyumba kubwa kwa ekstensheni ya mita 40, ile ya kuzungushia kwenye roli. Mashine naiweka ndani ya kibanda cha bati, kijana wangu ananishikia paipu huku amegeuza uso, mimi nachoma.

Nina kazi ya mtu ya grili, malipo ya awali yameshaingia kwenye chuma. Nitoe hiyo hela au nifanyeje? Natanguliza shukrani.

Nondo Kumi na Mbili

Mkuu angalia rodi zako kwanza. Msimu huu wa mvua rodi zikikaa chini kwenye sakafu zinavuta unyevu. Zianike juani au zipashe kwenye oveni nyuzi kama 100 kwa saa moja, kisha zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Mzee wa Transfoma

Hizi inveta ni za kuchezea. Tafuta transfoma nzito ya kusukwa kwa shaba, zile mafundi wetu wanazisuka wenyewe. Utaitumia mpaka wajukuu.

Fundi Koleo

Mkuu wa Mlandizi, usitoe hata shilingi kwanza. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na dalili zote unazotaja zinaweza kutoka nje ya mashine.

Hizo volti 225 ulizipima mashine ikiwa imelala, sivyo? Kipimo cha namna hiyo hakikuelezi kitu kuhusu kuchomelea. Waya mbovu usiobeba mzigo unaonyesha volti zilezile na waya mzuri. Kipimo chenye maana ni kile unachokisoma rodi ikiwa inawaka.

Fanya hivi. Weka ampia 90, mtu mmoja achome mshono mrefu kwenye kipande cha chuma kinene, mwingine asome multimita kwenye soketi ya mwisho wa ekstensheni, pale pale mashine ilipochomekwa. Andika. Kisha rudia, safari hii ukipima kwenye soketi iliyo karibu kabisa na meni swichi ya nyumba kubwa. Ndani ya meni swichi yenyewe usiingize mikono, hiyo mwachie fundi umeme. Utapata namba nne: mbili za mashine ikiwa imelala, mbili za moto ukiwaka. Zilete hapa, tutakwambia volti zinapotelea wapi.

Sababu ya kusisitiza hivi ni hesabu ndogo. Moto wa ampia 90 una volti kama 24, yaani wati 2,100 na ushei zinazotoka kwenye rodi. Ongeza zile zinazopotea ndani ya mashine, ongeza na namna hizi inveta ndogo zinavyovuta umeme kwa mikupuo, utakuta inavuta ampia 17 hivi kutoka ukutani. Na inveta ikikosa volti haipunguzi kuvuta, inavuta ampia zaidi ili ifikishe nguvu ileile. Ampia zikizidi, waya unakula volti zaidi, na mashine ndani inapata joto zaidi mpaka inawasha taa ya njano na kujikata. Ndiyo maana ukipandisha hadi 110 inakata haraka. Hapo unaiongezea njaa.

Jingine, ile roli. Kabla ya kupima, ifungue yote, mita zote 40 zitandike chini. Waya uliozungushwa ukibeba ampia 17 hauna pa kutolea joto, na ganda la plastiki linaweza kuyeyuka katikati ya roli bila wewe kuona kitu kwa nje.

Kijana wa Mitaa

Njia rahisi, tafuta mtu akuungie waya moja kwa moja kabla ya mita ya LUKU. Volti zinakuwa nyingi na hulipii.

Fundi Koleo

Hapana, ndugu. Kwanza huo ni wizi na ni kosa la jinai. Pili, volti kabla ya mita na baada ya mita ni karibu sawa kabisa, kwa hiyo tatizo lake litabaki palepale. Tatu, unaruka breka, na siku waya ukipiga shoti hakuna kitakachokata umeme kabla nyumba haijawaka.

Na kwa Mzee wangu wa Transfoma, kwa heshima zote: transfoma inavuta ampia nyingi kuliko inveta kwa moto uleule. Ukiichomeka kwenye ekstensheni hii hali itakuwa mbaya zaidi. Transfoma ni chombo kizuri, lakini inataka waya wa maana na umeme wa kutosha.

Jua Kali Kariobangi

Naongezea kitu kwa upande wa ethi, yaani waya wa mashine unaobanwa kwenye kazi kwa klempu. Hapa kwetu Nairobi nimeona mashine nyingi zikilaumiwa bure, kumbe klempu imebana juu ya rangi au kutu. Chukua grenda, safisha chuma mpaka king'ae pale klempu inapokaa, na uibane kwenye kazi yenyewe, si kwenye meza. Halafu baada ya kuchoma kidogo, zima mashine na ushike viungio vyote kwa mkono: klempu, mahali waya unapoingia kwenye mashine, kishikio cha rodi. Kilicho moto kuliko wenzake ndicho kimelegea.

Muuguzi wa Zamu

Samahani natoka nje ya mada kidogo, ila siwezi kupita kimya. Umeandika kijana anashika paipu "huku amegeuza uso". Kugeuza uso hakutoshi. Ule mwanga unadunda kwenye bati na kwenye kuta, unamwingia kwa pembeni. Macho hayaumi saa ileile, yanaanza baada ya masaa kadhaa, mara nyingi usiku, mtu anahisi kama ana mchanga chini ya kope na hawezi kutazama taa. Tunawapokea wengi wameshawekewa maziwa, wengine maji ya viazi. Msiweke chochote cha jikoni kwenye jicho. Kwa kawaida linapona lenyewe ndani ya siku moja au mbili, lakini kama halitulii au kuona kunafifia, aende hospitali. Na asijipigie matone ya ganzi aliyoazima kwa mtu, yanachelewesha jicho kupona na yanaweza kuliharibu kabisa.

Mnunulie kinyago chake, ndugu yangu. Na nguo ya mikono mirefu.

Mchomeleaji wa Mlandizi

Dada ahsante sana, kinyago cha pili nimeshakinunua, na kijana nimemweleza.

Wakuu, nimepima alasiri ile mashine inaposumbuaga, roli nimeifungua yote. Namba ni hizi:

Karibu na meni swichi, mashine imelala: 226. Moto ukiwaka: 212.
Kibandani, mashine imelala: 225. Moto ukiwaka: 171, na ilikuwa inashuka mpaka 168.

Ethi nimesafisha kama alivyosema mkuu wa Kariobangi, rodi nimezianika. Kunasa kumepungua kidogo, lakini taa ya njano bado.

Fundi Koleo

Safi sana. Hapo sasa tunaongea lugha moja.

Kutoka kwenye nguzo hadi meni swichi umepoteza volti 14. Si nzuri sana lakini inveta inavumilia. Kutoka meni swichi hadi kibandani umepoteza 41. Huko ndiko kwenye ugonjwa wako, bodi haihusiki.

Ila kuna kitu kinanisumbua kwenye hiyo 41. Waya umeandikwaje pembeni? Kama ni shaba ya milimita za mraba 1.5, mita 40 kwenda na 40 kurudi ni omu moja hivi. Kwa ampia 20 na kitu, maana volti zikishuka mashine inavuta zaidi ya zile 17, ungepoteza volti 20 na kidogo. Wewe umepoteza karibu mara mbili. Ama kuna kiungio kinachoungua, ama huo waya si shaba. Zima umeme, chomoa plagi, kata kipande kidogo mwishoni, kisha kwangua uzi mmoja kwa kisu.

Mchomeleaji wa Mlandizi

Imeandikwa 3x1.5 kweli. Nimekwangua. Nje ni nyekundu kama shaba, ndani ni nyeupe! Na uzi wenyewe ukiukunja mara chache unakatika. Nimefungua na plagi: skrubu ya upande wa moto imekuwa nyeusi, plastiki kuizunguka imebadilika rangi, na ndani badala ya fyuzi mtu alishafunga kipande cha waya.

Nondo Kumi na Mbili

Hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Zimejaa madukani, ndiyo maana roli ni nyepesi na bei ni ya kuvutia. Ukienda kununua waya, uinyanyue roli. Shaba ina uzito wake.

Fundi Koleo

Ndiyo hiyo. Aluminiamu ya namna hiyo inazuia umeme kama mara moja na nusu ya shaba, na mara nyingi hata unene ulioandikwa haufiki. Ongeza plagi iliyoungua, 41 yako imepatikana.

Sasa dawa. Plagi ya pini tatu imetengenezewa ampia 13. Mashine yako kwa kazi ya kawaida inapita hapo, kwa hiyo hata ukiweka mpya itaungua tena, na ule waya uliofungwa badala ya fyuzi ungewasha nyumba siku moja. Mwite fundi umeme mwenye leseni, akufungie breka yake pekee ya ampia 32 kwenye meni swichi, avute waya wa shaba wa 6 mpaka kibandani ndani ya paipu, amalizie na soketi ya viwandani ya bluu ya ampia 32. Waya wa ethi ya umeme, ule wa kwenda ardhini, uwe wa kweli, na autengenezee ulinzi wa kukata umeme ukivuja, maana unafanya kazi kwenye chuma na wakati mwingine umesimama kwenye udongo wenye unyevu. Kwa waya wa 6, umbali wako utapoteza volti 4 au 5 tu.

Kuna watakaokwambia 2.5 inatosha. Kwa leo itachoma, utapoteza kama volti 10. Ila breka ya 32 usiifunge juu ya waya wa 2.5 hata siku moja, waya utaungua kabla breka haijakata. Mimi ningeweka 6 na kusahau.

Mswahili wa Maskati

Salaam kutoka Oman. Mimi niongeze kuhusu joto. Tazama kibati cha nyuma ya mashine, utaona asilimia. Zinahesabiwa kwa dakika kumi, na mashine hupimwa kwenye hewa ya nyuzi 40. Ikiwa imeandikwa asilimia 60 kwa ampia fulani, maana yake uchome dakika sita, upumzishe nne. Ndani ya kibanda cha bati saa tisa mchana hewa inaweza kupita nyuzi 40, basi hata hizo sita hupati. Huku sisi mashine tunaitoa nje kivulini, tunaingiza waya za kuchomelea tu. Na iwe mbali na grenda. Feni inavuta vumbi la chuma na kulilaza juu ya bodi, na hapo ndipo bodi inakufa kweli.

Jua Kali Kariobangi

Kweli kabisa. Na akitaka kupuliza vumbi kwa kompresa, achomoe kwanza na asubiri. Kepasita za ndani zinabeba volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa. Kama hajui kuzipima, apulize kupitia matundu tu, upepo mdogo, kifuniko asikiguse.

Mchomeleaji wa Mlandizi

Wakuu, mrejesho. Fundi umeme amemaliza: waya wa 6, breka ya 32, soketi ya bluu. Waya ndio umekula hela nyingi, nimelipia karibu sawa na alivyotaka yule wa bodi. Mashine iko nje chini ya mwembe, kwenye kimeza, grenda tumeihamishia upande wa pili.

Moto ukiwaka kwa ampia 90 nasoma 207 kibandani. Nimechoma grili mchana kutwa kwa ampia 75 na taa ya njano haijawaka. Mshono unazama, ganda linatoka lenyewe ukiligonga. Ampia 90 niliyokuwa nailazimisha kwenye paipu ya 1.5 sasa inatoboa!

Swali la mwisho. Jioni, watu wakiwasha majiko na pasi, kwenye meni swichi nasoma 198 mashine ikiwa imelala. Niendelee kuchoma?

Fundi Koleo

Hongera mkuu. Kutoboa ni kwa sababu sasa ampia unazozisoma kwenye kitufe unazipata kweli. Kwa paipu ya 1.5 shuka mpaka 60 au 65, na rodi uiweke upande wa hasi, inapunguza kuzama kwenye chuma chembamba. 6013 inakubali pande zote.

Kuhusu jioni: 198 imelala itakuwa 180 hivi ukichoma. Kushikiza vipande unaweza, mishono mirefu iache asubuhi. Andika vipimo vya jioni kwa wiki nzima, saa na volti, kisha upeleke ofisi ya umeme pamoja na majirani wako. Malalamiko yenye namba yanashughulikiwa tofauti na ya mdomo. Na ile roli ya zamani usimgawie mtu. Kata plagi na soketi zake kabla hujaitupa.